Kiti cha Mpiga Ngoma

Ngoma ina heshima kubwa katika Afrika ya Mashariki, na mpiga ngoma ana fungu lake katika heshima hiyo. Lakini kiti akaliacho mpiga ngoma hakina heshima yoyote. Ngoma husifiwa kwa mlio wake, mpigaji kwa mikono yake, na mchezaji kwa kiuno na miguu yake. Kiti hakisifiwi wala hakilaumiwi. Kikivunjika huletwa kingine, na kikikosekana hutafutwa kitu chochote chenye uso bapa: ndoo iliyofudikizwa, gogo, kreti la soda, au kiti cha plastiki kilichoondolewa katika safu ya wageni. Jambo hili laonekana dogo, na kwa mtu apigaye ngoma saa moja kwa mwaka ni dogo kweli. Kwa mtu apigaye kila juma, miaka kumi au ishirini, ni jambo kubwa. Maana kwake kiti ni sehemu ya ngoma, na kimo cha kiti hicho huandikwa polepole katika uti wa mgongo wake.

Ili jambo hili lionekane kwa macho, yafaa litazamwe mahali pamoja, na mahali penyewe pawe Mpemba. Mpemba ni kata ya mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Jina lisimdanganye msomaji wa pwani: hapa hapana karafuu wala bahari. Ni nchi ya nyanda za juu, nchi ya Wanyamwanga, jirani na Wanyiha wa Mbozi, na barabara kuu iendayo Zambia imepita papo hapo. Mahindi, maharage na kahawa hupita njia hiyo, na foleni ya malori yangojayo kuvuka mpaka wa Tunduma imepata mara nyingi kurudi nyuma hata kufika Mpemba na kupita.

Watu wa mahali kama hapa huishi kwa migongo yao. Mkulima huinama juu ya jembe. Mpakiaji huingia chini ya gunia. Dereva wa lori hukaa siku nzima, na pengine siku kadhaa, katika kiti kimoja akingoja zamu yake mpakani. Mama hubeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani kwa safari moja. Imekuwa desturi ya taifa kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi. Usemi huo una haki yake, lakini ni haki vilevile kukumbuka kwamba uti wa mgongo wa kilimo ni mgongo wa mtu. Ukiumia huo, shamba halilimwi, gunia halipakiwi, na karo ya mtoto haipatikani.

Katika jamii ya namna hii ngoma ni pumziko. Baada ya kazi za juma huja mazoezi ya kwaya, ibada, harusi na mikesha. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899, na tangu zama hizo kuimba kwa makundi kumeota mizizi katika nyanda hizi. Siku hizi makanisa mengi, ya zamani na mapya, yana seti za ngoma za kigeni ambazo vijana huziita dramu: ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, ngoma nyingine mbili tatu za kuning'inia, na matoazi juu ya vyuma. Vyombo hivi hununuliwa kwa michango. Mchango wa kwanza hununua ngoma, wa pili hununua vipaza sauti, na wa tatu hulipa gari la kuvileta. Mchango wa nne, ambao ungenunua kiti, aghalabu hauitishwi.

Achukuliwe kijana mmoja wa mahali hapo, asiye na jina kwa sababu majina yake ni mengi. Jumatatu hadi Ijumaa hulima au hupakia mizigo. Jumamosi jioni yuko katika mazoezi. Jumapili hupiga tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na ikiwa kuna harusi, hupiga tena mpaka usiku. Kiti chake ni kreti la soda lililosimamishwa kwa ubavu. Magoti yake yamepanda juu ya nyonga, mgongo wake umefanya upinde, shingo yake imetangulia mbele kama ya kobe. Akilalamika kwamba kiuno kinamwuma, huambiwa kwamba kijana haumwi kiuno. Akiomba kiti, huambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ni ya kweli mahali pake, lakini mahali pake ni shambani, kwa mtu atafutaye sababu ya kukwepa kazi. Kijana huyu hakwepi kazi. Aomba asiumizwe na pumziko lake.

Inafaa kuuliza jinsi ngoma zilivyopigwa kabla ya dramu kuja, maana desturi za kale zina elimu ndani yake. Nyingi katika hizo zilimsimamisha mpigaji. Msondo wa Wazaramo ni ngoma ndefu ishikwayo katikati ya miguu na kufungwa kwa ukanda kiunoni, na mpigaji wake yuko wima. Katika muheme ya Wagogo wa Dodoma wapigaji ni wanawake, nao hubana ngoma kwa mapaja wakiwa wamesimama na kucheza. Huko Burundi ngoma kubwa za kifalme, ambazo ibada yake ya uchezaji ilitiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, husimamishwa chini, na wapigaji husimama nyuma yake kwa umbo la nusu duara; kila mmoja hupata zamu ya kutoka mbele, kuruka, na kurudi. Hapana asemaye kwamba wapigaji hao hawakuchoka. Kuinama juu ya ngoma fupi kwa muda mrefu huchosha kiuno, na kubeba ngoma nzito huchosha bega. Lakini mtu aliyesimama huhamisha uzito wake kutoka mguu huu hadi mguu huu bila ya kufikiri, hupinda na kunyooka, huzunguka na kupokewa na mwenzake. Mwili wake hauachwi katika umbo moja.

Dramu zilikuja na sharti jingine. Katika Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, kazi inayofanywa leo na mpigaji mmoja ilihitaji watu wawili au watatu, au mtu mmoja aliyejitahidi kuzipiga ngoma mbili kwa fimbo zilezile. Pedali za kupigia ngoma kubwa kwa mguu zilijaribiwa na wengi, lakini ile iliyoenea ilitengenezwa na William F. Ludwig wa Chicago mwaka 1909, kwa kuwa ilikuwa nyepesi na ya haraka. Tangu hapo miguu ya mpigaji ilipata kazi sawasawa na mikono. Na mtu ambaye miguu yake yote miwili inafanya kazi hawezi kuisimamia; hana budi kuketi. Kwa hiyo kiti hakikuletwa kwa ajili ya raha. Kiliingia pamoja na pedali, kama mpini uingiavyo pamoja na jembe, na yeyote anunuaye pedali bila kiti amenunua jembe bila mpini.

Muziki wa dansi ulizisambaza ngoma hizi katika miji ya Tanganyika, na makanisa yalizipokea baadaye. Historia ya bendi moja yaonyesha mabadiliko haya vizuri. NUTA Jazz, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1964, imepita katika majina kadhaa hata ikajulikana kwa jina la Msondo Ngoma. Hivyo jina la ngoma ipigwayo na mtu aliyesimama likapewa bendi ambayo mpigaji wake wa dramu huketi. Hakuna kosa katika hilo. Lugha huhamisha majina kama watu wahamishavyo mizigo. Lakini mwili hauhami kwa wepesi wa jina. Aliyetoka katika kusimama akaingia katika kuketi alihitaji kufundishwa kuketi, na mafunzo hayo hayakufuatana na chombo.

Huko Marekani na Uingereza wapiga dramu wamekipa kiti chao jina la kiti cha enzi. Pengine lilianza kama mzaha, lakini mzaha huo una maana. Watu wa pwani ya Uswahili wanakijua kiti cha enzi halisi, kile cha Lamu na Pate, cha mti mweusi na nakshi ya pembe, kirefu cha mgongo, chenye mahali pa kuwekea miguu. Mafundi waliokitengeneza walijua kwamba kumwinua mtu peke yake hakutoshi. Mtu akiinuliwa na miguu yake ikaning'inia, hana utulivu hata akiwa sultani. Kanuni hiyohiyo ndiyo ya kiti cha mpiga ngoma: kiwe juu kiasi cha kumwinua nyonga, na kiwe chini kiasi cha kuiacha miguu ikae imara juu ya pedali.

Sababu ya kanuni hiyo imo ndani ya mwili. Uti wa mgongo una pingili 24 zijongeazo: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Kati ya pingili na pingili mna kisahani cha gegedu, laini ndani na kigumu kando, kinachopokea uzito kama mto. Mtu akisimama wima, sehemu ya kiuno huingia ndani kidogo kama mgongo wa upinde uliolegezwa, na visahani hupokea uzito kwa usawa. Mtu akikaa juu ya kitu kifupi, magoti hupanda. Magoti yakipita nyonga, misuli ya matako na ya nyuma ya paja hukazika, nayo imeshikamana na mifupa ya nyonga. Kwa hiyo nyonga huvutwa na kulala nyuma. Nyonga ikilala, kile kiingilio cha kiuno hupotea, mgongo ukafanana na bakuli lililofudikizwa, na visahani vikabanwa zaidi upande wa mbele. Mtu wa kawaida anaweza kujiokoa kwa kuegemea. Mpiga ngoma hawezi, kwa sababu mikono yake iko mbele na macho yake yako kwa kiongozi wa kwaya.

Kuna jambo la pili ambalo ni la wapiga dramu zaidi kuliko la watu wengine wakaao. Misuli mikubwa iinuayo paja huanzia katika pingili za kiuno zenyewe, ikapita ndani ya nyonga, ikashikamana na mfupa wa paja. Kila mara mguu unapoinuliwa ili kuipiga pedali, misuli hiyo huvuta pingili hizo. Mguu ulioketishwa juu ya kiti cha kadiri hushuka na kupanda kwa wepesi. Mguu ulioketishwa juu ya kreti tayari umekunjwa, na kuuinua zaidi ni kama kufunga sanduku lililokwisha kujaa. Nyimbo nne huleta uchovu. Ibada nzima huleta maumivu.

Wataalamu wamepima mambo haya. Katika miaka ya 1960 Alf Nachemson, daktari wa mifupa wa Sweden, alipima mkandamizo ndani ya kisahani cha kiuno cha watu walio hai, akaeleza kwamba kukaa bila kuegemea hukikandamiza kisahani kuliko kusimama. Fundisho hilo lilitawala muda mrefu. Mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenziwe wa Ulm, Ujerumani, walirudia kazi hiyo kwa chombo cha kisasa kilichowekwa katika mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea. Walipata megapaskali 0.5 mtu huyo aliposimama wima, na 0.46 alipokaa wima bila kuegemea; yaani karibu sawa. Lakini alipokaa na kuinama mbele kabisa kipimo kilipanda hadi 0.83, na alipoinua mzigo wa kilo 20 kwa mgongo uliopinda kilifika 2.3. Basi kukaa kwenyewe hakukuwa na hatia kubwa kama ilivyodhaniwa. Hatia ilikuwa zaidi ya kukaa kwa kukunjamana. Mtu mmoja hawezi kuwa shahidi wa watu wote, lakini ushahidi wake waelekea upande uleule unaoelekezwa na umbile la mifupa.

Daktari mwingine, A. C. Mandal, mpasuaji wa Denmark, alisumbuka tangu miaka ya 1970 juu ya viti vya watoto wa shule. Aliona kwamba mtoto aandikaye juu ya kiti kifupi hukunja kiuno, na kwamba kiti kikiinuliwa na kuinamishwa mbele kidogo, mapaja hushuka, nyonga husimama, na mgongo hujinyoosha wenyewe bila ya amri ya mwalimu. Ushauri wake haukuwahusu wapiga ngoma, walakini wapiga dramu wengi wenye uzoefu wamefika palepale kwa njia yao wenyewe: nyonga iwe juu ya goti kidogo, na paja liwe na mteremko mdogo wa kuelekea mbele.

Wapiga ngoma wenyewe nao wameulizwa habari zao. Nadia Azar wa Chuo Kikuu cha Windsor, Kanada, alichapisha mwaka 2020 utafiti wa wapiga ngoma zaidi ya 800, na walio wengi kati yao walisema kwamba wamepata kuumia kwa sababu ya kupiga. Mikono na vifundo vya mikono viliongoza, na kiuno kilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotajwa sana. Lau wapiga ngoma wangekuwa peke yao katika maradhi haya, jambo lingekuwa jepesi. Lakini maumivu ya kiuno ni ya dunia nzima. Kwa hesabu ya mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na hakuna ugonjwa uzuiao watu wengi zaidi kufanya kazi zao.

Hapa haki yadai neno la tahadhari. Elimu ya siku hizi haikubali kwamba umbo moja la kukaa ndilo pekee lililo sawa, wala kwamba kila akaaye vibaya ataumwa. Wako watu waliokunjamana miaka arobaini wakafa wazee bila ya kulalamika, na wako waliokaa wima kama mshumaa wakaumwa. Usingizi mchache, huzuni, hofu na kazi nzito huongeza maumivu. Jambo linalosadikiwa na wengi ni kwamba mwili huchukia kuwekwa muda mrefu katika umbo moja, hasa umbo la mwisho wa uwezo wake, na kwamba mzigo ukiongezwa juu ya umbo hilo, chuki huzidi.

Basi ni lipi limwumizalo kijana wa Mpemba? Je, ni kreti la Jumapili au ni gunia la Jumatatu? Kama kuinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda kulizidisha mkandamizo mara nne na zaidi kuliko kusimama, yafaa mtu afikirie gunia la lumbesa lililopita kilo 100. Hapana shaka kwamba gunia lina nguvu ya kuumiza kuliko kreti, na mtu mwepesi wa hoja atasema kwamba kwa hiyo kiti si kitu. Lakini hoja hiyo yageuka ikitazamwa vema. Gunia humlipa. Jembe humlisha. Mzigo wa gunia hawezi kuukataa leo bila kukataa chakula cha kesho, na kupunguzwa kwa lumbesa kwahitaji sheria, mizani na wasimamizi. Kreti halimlipi wala halimlishi. Lamwongezea mgongo uliokwisha choka saa nyingine tatu za kukunjwa, katika siku ambayo ingekuwa ya kuunyoosha. Katika mizigo yote iliyo juu ya mgongo wake, huu ndio pekee usio na faida kwa mtu yeyote, na ndio pekee uwezao kuondolewa kwa mbao chache, misumari na nusu siku ya seremala.

Vipimo vyake si siri. Seremala ampime mpigaji akiwa amevaa viatu avivaavyo anapopiga, tangu chini ya kisigino hadi nyuma ya goti. Kisha aongeze vidole viwili au vitatu. Mtu aliyepata sentimita 43 atafaa kiti cha sentimita 46 hadi 48, mto ukiwa umekandamizwa. Njia ya mkato ni kusimama kando ya kiti: uso wake ufike karibu na kilegesambwa. Mpigaji akiketi, nyonga iwe juu ya goti kidogo, goti likunjike zaidi kidogo ya pembe mraba, na nyayo zikae zote juu ya pedali. Kiti kikizidi urefu, vidole vya miguu tu ndivyo vitakavyogusa, uzito utatupwa mbele, na kiuno kitabinuka kupita kiasi. Maumivu yatarudi kwa mlango wa pili. Uso uwe mgumu wenye sponji isiyobonyea sana, na ukingo wake wa mbele uviringwe ili usikate mapaja.

Kiti cha plastiki hakijibu haja hii ingawa kimo chake chakaribia kufaa. Uso wake huteremka nyuma, kwa hiyo humlaza nyonga mtu anayetaka kuinuka. Mikono yake huzuia viwiko. Na juu ya sakafu isiyo sawa miguu yake hutanuka na kuyumba. Mpigaji hujikuta amekaa ukingoni, nusu ya kiti ikiwa kazi bure.

Kwaya yenye wapigaji watatu wa vimo mbalimbali haihitaji viti vitatu. Seremala atengeneze kigoda imara kwa kimo cha aliye mfupi, kisha akate vipande viwili vya ubao wa unene wa sentimita 2 au 3, vyenye matundu ya kuingia katika vigingi vya kigoda. Mfupi atakaa bila ubao, wa kati atakaa kwa mmoja, mrefu kwa mbao mbili. Kiti cha dukani chenye skrubu hufanya kazi hiyohiyo, nacho chaweza kupandishwa na kushushwa tangu karibu sentimita 45 hadi 60.

Kiti kikisha kupata kimo chake, ngoma nazo zimfuate mpigaji. Wengi hufanya kinyume: huzipanga ngoma kwa uzuri wa kutazamwa na mkutano, kisha mpigaji hujinyoosha kuzitafuta. Ngoma ndogo iwe karibu na mkanda wa suruali, ili fimbo zisipige mapaja wala mabega yasipande. Matoazi yaletwe karibu mpaka kiwiko kiyafikie bila mwili kuinama. Baada ya nyimbo mbili au tatu, wakati wa mahubiri au wa matangazo, mpigaji asimame, atembee hatua chache, aweke mikono kiunoni na kujinyoosha nyuma taratibu. Na kama yupo mwanafunzi wake, ampishe. Warundi walijua faida ya zamu bila kupima kisahani cha mtu.

Aliyekwisha kuumwa asikate tamaa wala asilale kitandani juma zima. Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika majuma machache, na kutembea kwa kadiri huyasaidia kuliko kulala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno yaliyodumu wasisitiza elimu, mazoezi na mwendo. Walakini ziko dalili zisizongoja: ganzi ya sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au choo, udhaifu wa mguu unaozidi siku kwa siku, au homa pamoja na maumivu ya mgongo. Mwenye hizo apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Upasuaji mkubwa wa uti wa mgongo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, na kutoka Mpemba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara. Safari hiyo ni adhabu hata kwa mgongo mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu waanzia katika kitako cha kiti.

Huenda mtu akasema kwamba mpigaji wa kanisani hujitolea, na anayejitolea hana madai. Ni kweli kwamba hadai. Lakini wampokeao wanadaiwa. Mtu atoaye muda na mikono yake bila malipo asitozwe mgongo wake juu yake. Jamii ambayo humpa mgeni wa saa moja kiti cha mbele chenye mto, na kumpa mtumishi wa miaka kumi kreti tupu, haijakosa fedha, imekosa kukumbuka. Na vijana wanaotazama hujifunza kutoka hapo. Samaki hukunjwa angali mbichi: mtoto wa miaka 12 aanzaye kupiga juu ya kitu kifupi hujifunza kukunjamana kama sehemu ya muziki, akadhani kwamba mgongo uliopinda ndio dalili ya bidii.

Kwa hiyo kamati ikutanapo kuandika orodha ya vyombo, kiti kiandikwe katika mstari wa kwanza, kabla ya matoazi na kabla ya vipaza sauti. Kando ya neno hilo ziandikwe sentimita zake, na sentimita hizo ziwe zimepimwa katika mguu wa mtu atakayekikalia.